Mtumbwi Usiovuka Mto

Aliponijia mpwa wangu asubuhi moja ya Jumamosi, ndoo mpya ya plastiki kwapani na pakiti ya hamira ya mikate mfukoni, akanieleza kwamba amekusudia kuanza kutengeneza mvinyo nyumbani kwake, na kwamba yote yaliyompasa kuyajua amekwisha kuyatazama katika simu, nilicheka, kama wachekavyo watu wazima wasio na adabu. Kisha nikanyamaza, maana nilikumbuka kwamba katika mji huu wetu wa Butembo, ulioketi juu ya vilima katika kimo cha mita 1,800 hivi, hazikusalia nyumba nyingi ambamo kijana aweza kwenda kuketi akaonyeshwa kazi hiyo kwa mkono, na mtu ambaye hakuonyeshwa mlango halaumiwi akiingia kwa dirisha.

"Mvinyo wa nini?" nikamwuliza.

"Wa ndizi, mjomba. Ndizi si tunazo?"

Sikumjibu. Nilimwambia aichukue ndoo yake, tupande pikipiki, twende upande wa Isale kwa mzee mmoja niliyemfahamu tangu enzi ya marehemu baba yangu, ambaye jina lake sitalitaja kwa kuwa hakunipa ruhusa, na kwa kuwa wanaomtafuta siku za harusi wamekwisha kuwa wengi kuliko vibuyu vyake.

Kinywaji chenyewe sisi wa Kivu twakiita kasiksi. Wenye elimu hubishana kama ni pombe ama ni mvinyo. Kwa kuwa hutoka katika maji ya tunda, mimi sioni haya kukiita mvinyo, na kwa kuwa hutiwa unga wa mtama uliokaangwa, wanaokiita pombe nao hawakukosea, na mabishano hayo aghalabu huisha kibuyu kinapofika. Jirani zetu wa Rwanda wana urwagwa wao, wa Uganda wana tonto, Wachaga wa Kilimanjaro wana mbege, ambayo wao huitia ulezi; na watu wa pwani, ambao lugha hii ilikuwa mali yao kabla ya kuwa yetu, wana tembo la mnazi na yule mgema wao maskini anayeharibiwa na sifa. Mgomba si mzaliwa wa Afrika. Ulivuka bahari kutoka mashariki ya mbali zamani za kale, lakini katika nyanda hizi za Maziwa Makuu umekaa hata ukasahau kwao, ukazaa jamii ambazo huko ulikotoka hazijulikani.

Najua kuwa miongoni mwa wasomaji wangu wamo ambao kinywaji hiki kwao ni haramu, na kwamba hapa hapa Butembo wamo jirani zangu Wabatisti ambao hawatakigusa asilani; siwashawishi. Nyanya yangu mwenyewe alibatizwa akaacha kikombe siku hiyo hiyo, asikirudie hata kufa kwake, walakini hakuna mtu katika kilima chetu aliyempita kwa pua: angepita nyuma ya jiko la mtu, akasema pasipo kusimama, "Hii mmeitia maji kabla ya wakati," naye akawa amesema kweli. Ninachokisifu ni ile pua, na ile mikono.

Mzee alitupokea kwa "Wavukire" yake ya asubuhi, akaitazama ndoo ya mpwa wangu kwa taadhima, kama mtu atazamavyo mtoto wa wenyewe, asiseme neno juu yake. Akauliza jambo moja tu: kama tumekuja na kisu. Mpwa wangu akatoa kikisu chake cha mfukoni. Mzee akakishika kwa vidole viwili, akakipeleka kwenye moto mdogo uliokuwa ukiwaka mwingilioni mwa shamba, akakigeuza upande huu na upande huu mpaka bapa likabadilika rangi, akamrudishia. Kijana alidhani ni uganga. Mimi nilijua si uganga, lakini nilinyamaza tena, maana neno hilo lina mahali pake.

Somo la kwanza lilikuwa la kukatisha tamaa, nami nalipenda kwa sababu hiyo: siku ile hatukutengeneza kitu. Mzee alituonyesha mikungu minne iliyotundikwa juu ya uchaga wa jiko, katika moshi, ndizi pevu zilizokatwa zingali za kijani, akasema zimekaa siku tatu na zitakaa tatu nyingine, kwa kuwa baridi ya kwetu haina haraka. Kule Beni, ambako ni chini na kuna joto, mambo huenda upesi zaidi. Wengine, akasema, huchimba shimo, hulipasha joto kwa moto wa majani makavu, hulitandika majani ya mgomba, hufukia ndizi humo, nazo huiva kwa pamoja kama watoto wa darasa moja. Yeye hupenda moshi. Alipoulizwa na mpwa wangu sababu, alijibu kwamba shimo huwezi kulitazama.

Tuliporudi siku ya tatu, ndizi zilikuwa za manjano tupu, laini bila kupondeka. Hapo ndipo ulipotolewa mtumbwi. Ni gogo moja lililochongwa ndani, refu kama mtu aliyelala, lenye midomo miwili iliyosuguliwa na mikono ya watu ambao sasa wote wako chini ya udongo. Watoto wa mzee walipokuwa wadogo waliuita mtumbwi usiovuka mto, na jina likashika. Hauoshwi kwa sabuni abadan. Humwagiwa maji, hupanguswa kwa majani, hugeuzwa kifudifudi. Na katika nyufa zake ndogo hukaa chachu ya miaka, isiyoonekana kwa macho, ambayo mpwa wangu alikuwa ameinunua dukani ndani ya karatasi.

Naomba msomaji anistahimili hapa, maana sehemu hii ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Ndizi zikamenywa, zikalazwa mtumbwini, zikafunikwa kwa matita ya nyasi ndefu zenye makali, na mzee pamoja na binti yake wakaanza kukanda. Mwanzo ni aibu tupu. Huo ni ugali wa ndizi na nyasi, mzito, wenye kunata, unaoshika viganja kama deni. Unakanda, unageuza, unakandamiza kwa uzito wa mabega, na hakuna hata tone. Dakika kumi zikapita, zikapita ishirini. Mpwa wangu, ambaye naye alikuwa amekunja mikono ya shati, akaanza kunitazama kwa jicho la pembeni, jicho la mtu anayetaka kuuliza kama si afadhali kuongeza maji. Mzee aliliona jicho hilo, akatikisa kichwa.

Kisha sauti ikabadilika. Sina namna nyingine ya kueleza. Kabla, mikono ilikuwa ikilia kama makofi juu ya tope. Ghafula ikaanza kulia kama miguu ya mtu avukaye kijito. Ugali ule wa ndizi, uliokuwa umetanda kila mahali, ukajikusanya, ukajikunja juu ya nyasi, ukawa kama umekata shauri kuachana na kitu ulichokuwa umekificha, na kutoka chini yake yakaja maji, safi, yenye rangi ya asali nyepesi, yakapita katikati ya vidole vya mpwa wangu, akaacha kukanda, akaitazama mikono yake.

"Yamekuja," akasema mzee, akaketi kitako.

Nimeyaona maji hayo yakija mara nyingi tangu utotoni, na sijapata kuyazoea. Sababu yake naweza kuitaja: ndizi za pombe zina ukakasi ambao ndizi za kula hazina, na ukakasi huo huo, unaoufanya ulimi ujikunje ukiionja mbichi, ndio unaoyashika makapi na kuyaachilia maji yatoke yakiwa safi. Chukua ndizi tamu ya sokoni, ile ya kumpa mtoto, uikande kutwa nzima, utapata uji. Watu wangapi wanaoanza kazi hii mjini hawakuanza kwa uji, wakadhani kosa ni la mikono yao, ilhali kosa lilikuwa la mkungu walioununua? Na ndizi iliyoiva kupita kiasi, hata ikiwa ya jamii ya pombe, huwa imeupoteza ukakasi wake, nayo itakupa uji vile vile. Kwa hiyo kazi yote ya mikono iliyo mtumbwini imekwisha kuamuliwa juu ya uchaga, na ya uchaga imekwisha kuamuliwa shambani, siku ile mtu alipochagua chipukizi la kupanda.

Maji ya kwanza walipewa watoto wa boma, kikombe kimoja kimoja, kwa kuwa ni matamu na hayana kileo bado. Baadaye tu ndipo mzee akaongeza maji ya mtungi, kidogo, akakanda tena, akachuja. Mtama ulikuwa umekaangwa jana yake juu ya kigae, ukasagwa kwa jiwe usiwe laini sana. Mpwa wangu akauliza ni gramu ngapi. Mzee akanyunyiza mpaka uso wa maji usionekane, akasema, "Hivi." Mtumbwi ukafunikwa kwa majani ya mgomba, ukasogezwa karibu na jiko, tukaambiwa twende zetu, turudi baada ya siku mbili; kule Beni usiku mmoja na mchana wake ungetosha.

Kuhusu kufunika, nina ushuhuda wangu. Nilipokuwa kijana nikiishi Beni katika chumba cha kupanga, nilijaribu kazi hii peke yangu, na kwa kupenda usafi nilitia kasiksi changa katika bidoni ya manjano nikaifunga kifuniko kwa nguvu zangu zote. Hewa itokayo katika uchachu haina subira na mfungwa wake. Usiku wa manane bidoni ilipasuka kwa mlio uliowaamsha watu wa nyumba tatu, na mwenye nyumba akatoka na fimbo kumtafuta mwizi, akanikuta nimelowa tangu kichwani hata miguuni. Tulicheka juma zima. Siku hizo mlio wa usiku katika mji wa Beni ulikuwa bado ni jambo la kuchekwa asubuhi.

Siku ya pili tuliporejea, mzee aliinama, akaweka sikio juu ya majani kabla ya kuyafunua. Kasiksi huzungumza: kwanza kwa kelele, povu likipanda na kushuka, kisha kwa sauti ya chini, kisha kwa kunong'ona; na fundi huijua saa ya kuchuja kwa mnong'ono huo. Ukichuja mapema unakunywa utamu tu na tumbo litakulaumu. Ukichelewa unapata siki. Mpwa wangu aliinama naye akasikiliza. Alisikiliza muda mrefu, na nilifurahi kuona kwamba simu yake ilikuwa imebaki mfukoni.

Zamani kibuyu cha namna hii kilikuwa na mahali pake pa kufikia. Wanande wa vilima hivi walikuwa na kyaghanda, nyumba ya mazungumzo, ambamo wanaume waliketi kuuzunguka moto, wakahukumu kesi za mipaka ya mashamba, wakapokea wajumbe wa posa, wakawafunza vijana kwa kuwaacha wasikilize. Waliokosana hawakuandikishana karatasi. Walipewa kibuyu kimoja na mirija miwili, na kila mtu alimwona mwenziwe kwa karibu alipoinama kunywa. Sisemi kwamba palikuwa peponi. Walevi walikuwapo, na wake zao walijua gharama yake kuliko waandishi wa insha. Lakini kinywaji kilichochukua siku nane kutoka mgombani hata kibuyuni hakikuwa rahisi kunywewa peke yake gizani, seuze kunywewa asubuhi na kijana aliyesimama kando ya barabara.

Leo kijana huyo anapata vichupa vya plastiki vya pombe kali, vingine vikiingia kwa mpaka wa Kasindi, vyenye rangi ambayo hakuna tunda lililopata kuwa nayo. Vinauzwa kwa bei ya sigara chache na kazi yao huimaliza kabla ya saa nne. Na kasiksi yenyewe, ile inayoteremshwa mjini kwa pikipiki katika bidoni tatu tatu, mara nyingi ni maji na sukari na hamira ya mikate, iliyopakwa harufu ya ndizi kidogo kama mtu apakavyo uturi asipooga. Anayeiuza ana haraka, anayeinunua ana haraka zaidi. Sitawatia wote katika kapu moja, hata hivyo. Wako hapa Butembo vijana wanaotengeneza mvinyo wa nanasi na wa marakuja, wakaupima utamu, wakatafuta hamira ya mvinyo kwa kuwa ile ya mikate huchoka mapema kileo kinapopanda, wakangoja wiki kadhaa mpaka mapovu yakome kabla ya kuziba chupa. Nimeonja mmoja. Ulikuwa mzuri, ingawa mtamu kuliko nipendavyo, na aliyeutengeneza alikuwa na tabia ile ile ya mzee wangu: hakunijibu mpaka alipomaliza alichokuwa akikifanya.

Kwa hiyo sikumkataza mpwa wangu ndoo yake. Lakini swali lake la siku ya kwanza lilikuwa likinifuata njia nzima. Ndizi si tunazo?

Mwaka 2001, huko Masisi, ulionekana kwa mara ya kwanza katika nchi yetu ugonjwa wa mnyauko wa migomba, uletwao na bakteria, na baadaye ukafika kwetu Lubero na Beni. Majani hugeuka manjano na kulegea kama mwavuli uliovunjika. Ndizi huiva kabla ya wakati, moja moja, bila mpango. Ukikata shina linatoa usaha wa manjano, na ukipasua tunda unakuta ndani yake kutu. Ndizi kama hiyo haina maji ya kukupa. Wadudu huubeba ugonjwa kutoka katika lile ua la dume linaloning'inia chini ya mkungu, na jamii za ndizi za pombe ndizo zinazoathirika sana kwa njia hiyo. Ndiyo maana mzee hulivunja ua hilo mapema kwa kijiti chenye panda, asilikate kwa chuma. Na kitu cha pili kiubebacho ni kisu. Kisu cha mgeni, kisu cha jirani mwema aliyekuja kusaidia kuvuna, kisu cha mchuuzi apitaye shamba kwa shamba kununua mikungu. Moto ule wa mwingilioni hauzimwi siku za kazi.

Upande wa Beni likaongezeka jambo jingine. Tangu Oktoba 2014 watu wameuawa katika mashamba yao wenyewe, Mbau, Eringeti, Kamango, na mahali pengi ambapo nafasi haitoshi hapa kupataja. Na aliyenusurika huishi mjini kwa ndugu yake, akanunua ndizi kwa mafungu, ilhali migomba yake aliyoipanda kwa mkono wake inaoza imesimama, kwa kuwa kwenda kuivuna ni kwenda kufa. Kisha, tarehe 1 Agosti 2018, ikatangazwa Ebola huko Mangina, na mpaka ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imechukua zaidi ya watu 2,200. Tuliacha kupeana mikono. Mirija miwili katika kibuyu kimoja ikawa jambo la kuogofya, na ilikuwa haki kuogopa. Mzee mwenyewe aliichoma mirija yake yote. Maradhi yalipoondoka mikono ilirudi kupeanwa. Mirija haikurudi.

Mara ya mwisho nilipokwenda Isale nilikwenda peke yangu. Mtumbwi ulikuwa umegeuzwa kifudifudi chini ya upenu, na katikati yake umepita ufa mrefu, kwa sababu mti wa namna ile hutaka kulowanishwa mara kwa mara, na zilikuwa zimepita wiki nyingi pasipo mikungu ya kutosha kukanda. Nilimwuliza kama hauwezi kuchongwa mwingine. Akanionyesha kilima cha mbele yetu kwa kidevu: mikaratusi mitupu, imesimama mistari mistari kama askari, mti wa nguzo na mkaa, ambao ukiuchonga mtumbwi unapasuka kabla hujamaliza. Wanawe wawili wanauza vitenge mjini. Wa tatu yuko Kampala. Walimwambia watamnunulia pipa la plastiki. Aliwashukuru.

Huo ufa ameuziba kwa nta ya nyuki. Migomba iliyosalimika niliihesabu nikizunguka shamba, mashina kumi na tisa, na mwingilioni moto ulikuwa unafuka. Mpwa wangu huenda huko kila Jumamosi ya pili sasa; ndoo yake anaitumia kuchotea maji ya kumwagia mtumbwi. Mwingine anayetaka kuanza naye anaweza kuja, mzee hakatai mtu. Asilete hamira, asilete chupa. Alete kisu, na akifika pale mwingilioni, asingoje kuambiwa.